Sambaza Kwenye Kijito cha Tonawanda

Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza, tuanzie hapo. Siku hizi watu wa kanisani kwetu wanaisimulia habari hii kana kwamba walimwamini Mama Gracieuse tangu mwanzo, na uongo wa namna hiyo unanipandisha presha. Hakuna aliyemwamini. Hata mimi, Theresia, mtu wa Bukoba niliyekulia kando ya ziwa na ninayemjua fisi maji vizuri tu, sikumwamini. Tulikuwa kwenye basi la asubuhi, tunatoka mtaani kwetu West Side, Buffalo, kwenda kazini Tonawanda, mwezi wa tatu, theluji chafu bado imelala kando ya barabara. Akaniambia kwamba jana yake aliona fisi maji kwenye kijito kilicho nyuma ya kazini. Nilicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo.

"Cheka tu, dada," akasema. "Mi niliiona na macho yangu. Iko na mukia munene, na ndevu sawa ya paka. Ilitoka mu maji, ikakula samaki, ikarudia."

"Mama Gracieuse, hapa ni Buffalo. Kijito chenyewe kimejaa matairi."

"Bon. Inaishi na hayo matairi yake."

Mimi na yeye tunafanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Mimi nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani, na wakinitukana nawatania. Yeye yuko chumba cha kufulia, chini kabisa, peke yake na mashine nne na mlima wa mashuka. Dirisha lake linatazama kijito. Siku ile akamweleza na fundi wa jengo, mzungu mmoja mpole aliyeishi Tonawanda maisha yake yote, akimchorea mnyama kwa mikono. Fundi akatabasamu, akasema hilo ni panya kubwa la majini, yako mengi. Nikamtafsiria.

"Donc anasema mi niko muongo."

"Jamani! Hajasema wewe ni mwongo. Amesema umekosea."

"Ni kitu moja," akasema, akarudi kukunja mashuka, na siku nzima hakunisemesha.

Mimi huwa sina subira na watu wa kununa. Nilimwambia mwenzangu mmoja pale kazini kwamba Mama Gracieuse amemkasirikia panya. Ila kuna jambo nilikuwa nalijua na nimelisahau, na ningelikumbuka siku ile ningefunga mdomo wangu.

Jina lake hasa ni Cibalonza. Alizaliwa Kalehe, kule Kongo, kando ya Ziwa Kivu, na kabla ya vita alikuwa akinunua sambaza alfajiri, anawaanika, anawapeleka kuwauza Bukavu. Sambaza ni vile visamaki vidogo vya ziwa lao. Sisi wa Bukoba tuna dagaa, wao wana sambaza, na usithubutu kumwambia ni kitu kile kile, atakufukuza nyumbani kwake. Dada yake mkubwa alipofariki aliacha mtoto wa miezi minane, Gracieuse. Cibalonza alimbeba mgongoni siku ya mazishi na hakumshusha tena. Kwao, kama kwetu, mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi, hakuna cha kuongeza. Tangu hapo anaitwa Mama Gracieuse.

Vita vikawatenganisha. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, akakimbia na majirani mpaka Burundi. Mama akaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kwetu Tanzania, akakaa miaka kumi na mmoja akiuliza kila aliyefika kama amemwona msichana mwenye kovu kidevuni. Habari kwamba Gracieuse yu hai ilimfikia akiwa ameshaletwa Amerika, Louisville, anafunga maboksi kwenye ghala. Hapo hapo akaandika maombi ya kumleta mwanawe. Kwenye simu mkalimani akamwuliza, "Gracieuse ni mtoto wako?" Akajibu ndiyo. Ungejibu nini wewe? Watu wa uhamiaji wakamchukua mate Louisville, wakamchukua na Gracieuse mate kule Burundi, wakayapima. Baada ya miezi ikaja barua. Ilisema ADN zao, yaani DNA, hazifanani, Gracieuse si binti yake wa kumzaa, na maelezo aliyoyatoa hayakuwa ya kweli. Maombi yakakataliwa.

Miaka sita zaidi Gracieuse alikaa kambini kule Burundi, mpaka akaolewa na kuja kwa faili la ukimbizi la mumewe, wakapelekwa Columbus. Mama yake wakati huo alikuwa ameshahamia Buffalo kumfuata kaka yake. Wanapigiana simu kila siku, wanatembeleana Krismasi, mambo ni mazuri. Lakini barua ile ipo. Iko kwenye bahasha ya plastiki pamoja na vyeti vyake vingine, na nimeiona kwa macho yangu, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kukatika. Kwa hiyo mtu kama huyo ukimwambia hukuona ulichokiona, unamgusa pabaya.

Baada ya Pasaka, misa ya Kiswahili ilipokwisha, Leya aliomba tubaki ukumbini. Leya ni binti wa mzee Donati wa kwaya, Warundi, anasoma chuo kikuu mambo ya wanyama na anafanya kazi maabara ya profesa mmoja. Kiswahili chake ni cha kutafuta maneno dirishani, lakini anajitahidi. Akatuambia wanatafuta watu wa kujitolea wachote maji kwenye vijito, Jumamosi moja kila wiki mbili. Profesa alikuwa amezoea kupata wastaafu wenye darubini za kutazamia ndege, na Leya ndiye aliyemsisitizia kwamba hata watu wetu wanaweza.

"Kila mnyama akiingia majini anaacha kitu," akasema. "Ngozi kidogo, mate, mkojo, nywele. Ndani yake kuna ADN ya huyo mnyama. Tukichuja maji, kichujio kinakwenda maabara, na maabara inatuambia ni mnyama gani amepita, hata kama hakuna mtu aliyemwona."

Mama Gracieuse akainua mkono. "Hiyo ADN ni ile ya mate?"

"Ndiyo mama. Ni hiyo hiyo."

"Ile ilinikatalia mutoto."

Sisi tunaojua tuliangalia viatu vyetu. Leya masikini hakujua aweke wapi mikono.

"Bon," akasema Mama Gracieuse. "Sasa tuone kama itanikatalia na fisi yangu. Andika jina. Na dada Theresia muandike pia."

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Weye njo ulicheka."

Ndivyo nilivyoingia kwenye utafiti, kwa adhabu.

Kazi yenyewe si ngumu, ina masharti tu. Unavaa glovu mpya. Unachota maji kwenye chupa, unayavuta kwa bomba kubwa la sindano lisilo na ncha, unayasukuma yapite kwenye kichujio cha duara kinachotosha kiganjani. Unasukuma mpaka mkono unauma, kwa sababu tope linaziba. Halafu kichujio kinaingia kwenye kichupa chenye dawa, unaandika tarehe na saa, unaweka kwenye kasha la barafu. Usile hapo. Usiguse mdomo wa chupa. Na kabla ya yote, sharti lililonikera kuliko yote: unachuja kwanza maji safi waliyotupa maabara, yaliyofungwa, hayana hata kiluwiluwi.

"Tunachuja maji safi tutafute nini?" nilimwuliza Leya.

"Tujue nyinyi wenyewe mmeleta nini."

"Sisi tumeleta nini! Sisi tuna uchafu gani?"

Nilitaka turuke hatua hiyo. Jua halijatoka vizuri, upepo wa huko unakata masikio, halafu nisimame nasukuma maji ya dukani? Lakini Mama Gracieuse hakuruka hata mara moja. Alikuwa anaifuata karatasi ya maelekezo kwa kidole, picha kwa picha, na nikimharakisha ananiambia, "Dada, mi nilikosea mustari moja tu ya formulaire, ile fomu ya mutoto, ikakula miaka sita." Basi nikawa nanyamaza, nashika kasha.

Mara mbili za kwanza majibu yalikuja hivi hivi tu. Samaki wa huku, bata, mbwa, panya wa majini. Nilijizuia kumtazama usoni. Mara ya tatu ndiyo yenye habari.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya mwezi wa tano. Asubuhi hiyo mtu wa kanisani alikuwa ametoka Columbus na gari, akaleta mzigo kutoka kwa Gracieuse: mfuko wa sambaza wakavu waliotoka Bukavu kabisa, wanang'aa. Sasa Mama Gracieuse ana utaratibu wake. Samaki waliotumwa na mtoto hawaingii kabatini kabla ya kugawiwa. Unawagawa saa ile ile, nyumba kwa nyumba, na unawagawa kwa mkono. Kikombe ni cha kuuzia, anasema, na zawadi haipimwi kwa kikombe. Nilipokuja kumchukua nilimkuta jikoni, mikono yote miwili imezama mfukoni, anajaza karatasi kumi na mbili za majirani. Fungu langu ndilo lilikuwa kubwa, nalisema bila aibu.

Alijifuta mikono kwa kitambaa, tukaondoka. Pale kijitoni akafungua pakiti ya glovu. Huwa anazipuliza kwanza vidole vifunguke, halafu anazivuta kidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili, taratibu, kwa sababu ana vidole vinene na anachukia glovu ikichanika. Mimi nimesimama pembeni nasafisha meno kwa ulimi, maana nilikuwa nimetafuna sambaza njia nzima. Harufu ilikuwa imejaa kwenye gari. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kitu. Tukachuja maji safi, tukachuja maji ya kijito, tukaenda zetu.

Wiki tatu baadaye Leya alikuja nyumbani kwa Mama Gracieuse na karatasi. Tulikaa jikoni. Akaanza kusoma: samaki fulani, samaki fulani, bata bukini, panya wa majini, paka, binadamu.

"Na fisi maji," akasema.

Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nilimkumbatia Mama Gracieuse nikamwomba msamaha hapo hapo, nikamwambia mimi ni mjinga, anipige. Yeye alikaa chini polepole, akaweka mikono mezani, akawa anatikisa kichwa tu. Lakini Leya alikuwa hacheki.

"Kuna kingine, mama. Kwenye maji hayo hayo kumeonekana samaki mmoja ambaye hayuko Amerika nzima. Ni wa maziwa ya kwenu. Ni sambaza."

Tuliangaliana.

"Ni mimi," Leya akaendelea, macho yameanza kumlowa. "Mama yangu hunifungia sambaza chakula cha mchana. Profesa alishaniambia mara moja nisile karibu na meza ya kazi, na maabara nzima ni mimi peke yangu ninayekula samaki hao. Jumatano nitamwambia nimekosa. Atanitoa maabara, ameshasema. Lakini msiogope, fisi maji atabaki. Uchafu ukitoka mezani kwangu watamfuta sambaza tu. Ungekuwa umetoka kwa waliochota maji, ndipo sampuli nzima ingetupwa."

Nikamfinya Mama Gracieuse pajani, chini ya meza. Nilimfinya kwa nguvu. Leya akaaga akaondoka, akasahau mwavuli wake.

Najua nilichofanya na sitakipamba. Mlango ulipofungwa nilimwambia, "Nyamaza. Umesikia? Fisi maji wako ameandikwa. Leya ni kijana, ana shule, ana Kiingereza, atapata kazi nyingine kesho. Wewe ukifungua mdomo wanaitupa karatasi yote, na yule fundi atakwambia tena umeona panya."

"Mi nasikia," akasema. Akauchukua mwavuli wa Leya, akautundika nyuma ya mlango.

Jumatatu nilishuka chumba cha kufulia wakati wa mapumziko. Alikuwa anakunja shuka, kona kwa kona, na nikashika upande wa pili kama kawaida yetu.

"Dada," akasema, "bale batu ba ADN baliandika mi nilisema uongo. Sikusema. Mungu anajua. Miaka yote nikiifungua ile barua, najiambia: mi sikusema uongo, ni bo njo balikosea. Hicho tu njo kinanisimamisha. Sasa nikinyamaza, mutoto wa Donati afukuzwe juu yangu, ile barua itakuwa ya kweli."

"Na fisi maji?"

"Fisi niliiona. Na batu bakikataa, niliiona."

Nilijisikia mdogo sana, mwanamke mzima na shuka mkononi. Nikamwambia Jumatano nitampeleka mwenyewe.

Tulimkuta Leya kwenye korido ya maabara, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda mahakamani. Kabla hajatuuliza tumefuata nini, Mama Gracieuse alikuwa ameshapita, ameshaingia, amemsalimu profesa kwa mikono miwili, ametoa kwenye mkoba mfuko wa sambaza anataka kuuweka juu ya meza nyeupe.

"Mama! Si hapo!" Leya akapiga kelele.

Profesa, mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alirudi nyuma hatua mbili, akaunusa mfuko kwa mbali, akaanza kucheka. Akatutoa wote nje, akavuta viti vinne koridoni, akachukua daftari lake. Leya akatafsiri.

Mama Gracieuse alisema yote. Jinsi mzigo ulivyofika, jinsi alivyogawa kwa mkono, jinsi anavyovaa glovu. Profesa akampa jozi moja amwonyeshe, naye Mama akazipuliza, akazivuta kidole kimoja kimoja. Nami nikakiri kwamba nilikuwa natafuna. Nilitegemea mzee atakasirika. Hakukasirika, aliandika tu. Aliuliza samaki wametoka wapi.

"Mutoto wangu Gracieuse njo aliwatuma. Anaikala Columbus."

Akaandika. Halafu akauliza swali ambalo mimi nililiona la kipuuzi kabisa: je, maji safi yalichujwa siku ile?

"Yalichujwa," akasema Mama Gracieuse. "Ya kwanza. Na glovu zile zile."

Profesa akamgeukia Leya, Leya akashika mdomo. Kumbe vichupa vya maji safi huwa vinakaa kwenye friza vikisubiri kupimwa vyote kwa pamoja mwisho wa msimu. Cha kwetu kilikuwa bado hakijaguswa. Leya akatueleza polepole, na safari hii nilisikiliza. Kama kwenye maji safi kuna sambaza na hakuna fisi maji, basi sambaza ametoka mikononi mwetu na fisi maji ametoka kijitoni. Kama fisi maji naye yumo kwenye maji safi, basi naye ni uchafu kama uchafu mwingine, na sampuli itatupwa yote.

"Itachukua siku ngapi?"

"Tisa."

Siku tisa! Mimi nilikuwa siwezi kula. Nilijiona mtaani naongea peke yangu. Hatua ile niliyotaka kuiruka kila Jumamosi, nikiilalamikia baridi, sasa ndiyo imeshika roho ya mwenzangu. Kila mapumziko nilishuka chini nikasimama dirishani, nikatazama kijito na matairi yake. Niliona bata mmoja. Mama Gracieuse alikuwa ananiambia niondoke hapo, namzibia mwanga.

Siku ya kumi Leya alikuja kazini, akapita mapokezi mbio, akashuka mpaka chumba cha kufulia na bahasha. Alikuwa anahema.

"Maji safi," akasoma. "Sambaza. Binadamu. Basi. Hakuna kingine."

"Na fisi?" Mama Gracieuse akauliza.

"Fisi maji ni wa kijito, mama. Ulimwona kweli."

Nililia, mimi. Nilipiga kelele mpaka mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza akabonyeza kengele ya dharura na ikabidi nikimbie kumtuliza. Niliporudi Leya alikuwa anaeleza mengine. Profesa anataka maji yachotwe tena mara tatu kabla hajatangaza popote. Timu zote zitanawa mikono kwa sabuni kabla ya kuvaa glovu, na mwongozo mpya utaandikwa kwa sababu yetu. Na Leya haondoki maabara. Profesa amemwambia angekuwa na wachota maji kumi wanaosema ukweli namna ile angelala vizuri.

Mama Gracieuse alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameomba karatasi yenyewe. Imeandikwa Kiingereza kitupu, na Kiingereza chake ni cha kuombea sabuni na kuagana. Lakini alikuwa anaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyopitia maelekezo ya kuchota maji. Karibu na mwisho kidole kikasimama. Kikakaa hapo.

"Dada. Hapa. Soma hapa."

Nikasoma. Ilikuwa sehemu ambayo profesa ameeleza sambaza alifikaje kwenye kichupa. Nikamtafsiria neno kwa neno: samaki wakavu waliogusana na mikono ya mchota maji, Cibalonza, waliotumwa na Gracieuse, binti yake, mkazi wa Columbus. Chini yake kuna sahihi, na mhuri wa maabara.

Neno hilo la binti kwa Kiingereza hakuhitaji nimtafsirie. Analijua. Ndilo lililokuwa kwenye ile barua, na pale lilikuwa limetanguliwa na neno la kukataa.

"Ni karatasi ya ADN, hii?" akamwuliza Leya.

Leya, kwa kuwa ni msomi, akafungua mdomo kuanza kufafanua kwamba hayo ni maelezo tu ya profesa, si kipimo. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, akamtazama Mama Gracieuse, akafunga mdomo, akaufungua tena.

"Ndiyo, mama," akasema. "Imeandikwa kwenye karatasi ya ADN."

Mama Gracieuse akaifuta meza ya kukunjia kwa kiganja, akailaza karatasi hapo, akainyoosha pembe zake nne. Mashine zilikuwa zinazunguka. Akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, ndipo akachukua simu akapiga Columbus. Gracieuse akapokea. Nilidhani ataanza na fisi maji, maana ndiyo habari tuliyoihangaikia tangu mwezi wa tatu. Hakumtaja. Alisimama dirishani, ametugeuzia mgongo, akamsomea lile neno moja kwa Kiingereza chake kilichovunjika, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Mutoto wangu," akamwambia, "sasa baliandika."